Kituo Alichokikimbia Revocatus

Siku ya kubandika matokeo chai hainipiti kooni. Mimi ni karani wa taaluma katika chuo kimoja cha afya hapa Mwanza, jina langu Mwaija, na huu ni mwaka wa kumi na moja nabandika zile karatasi ubaoni huku wanafunzi wamenizunguka kama kuku walioona mtama. Karatasi haina majina. Ina namba za usajili, GPA, na neno moja pembeni: amefaulu, sapu yaani mtihani wa marudio, hajakamilisha, au lile la mwisho ambalo wenyewe wanaliita kudisko, yaani umeondolewa chuoni, funga begi.

Mwaka jana Revocatus Machibya aliiona namba yake akabaki amesimama pale hadi wenzake wote wakaondoka. Ana miaka ishirini na minane, baba wa mtoto mmoja, fundi baiskeli wa Igoma aliyeweka spana chini akaja kusomea uuguzi. Si mtu wa mchezo. Pembeni ya namba yake paliandikwa "hajakamilisha", kwa sababu mafunzo yake ya vitendo hayakuwa na alama.

"Shikamoo dada Mwaija. Mbona nilifanya? Wiki sita nzima, sijakosa hata siku moja."

"Marahaba. Ulifanyia wapi?"

"Sengerema. Ukishavuka kwa kivuko cha Kamanga, mbele kidogo."

Nikavuta faili lake. Chuo kilimpangia zahanati moja ya Magu. Fomu aliyoleta ilikuwa na muhuri wa zahanati ambayo haimo kabisa kwenye orodha yetu, na kwa kanuni zetu kituo kisichoidhinishwa ni sawa na kukaa nyumbani. Nikampigia hesabu mbele yake. Akipewa alama za vitendo, GPA yake ni mbili nukta tatu. Bila hizo ni moja nukta nane, na chini ya mbili hakuna mjadala. Kamati ya taaluma ilikuwa inakaa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne.

Nilimwambia aandike barua ya kujieleza. Akaniletea mistari miwili, kwamba aliondoka Magu kwa "sababu za kifamilia". Nilikasirika, nakiri.

"Hii ndiyo barua ya kuokoa miaka yako miwili? Kifamilia nini? Msiba? Ugonjwa?"

Akaangalia sakafu. Nikadhani kuna mwanamke. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Muuguzi kiongozi wa pale ni mama yake Kashindye."

Kashindye ni mke wake.

Mimi nimezaliwa mjini, bibi yangu Mmanyema, babu wa Tabora, na kwetu mama mkwe unamtengenezea chai huku ukimsemea mumeo. Kwa Wasukuma wa kwao Revocatus sivyo. Mkwe wako wa kike humkaribii. Akishika njia hii unashika ile, huli naye, humtazami usoni, hata jina lake hulitamki. Revocatus alifika Magu asubuhi ya kwanza, akamwona barazani anagawa kadi za kliniki, wagonjwa wakimwita "sista" kama wanavyoitwa wauguzi, akageuza palepale. Hakumwambia mtu. Rafiki yake Venant akamtafutia nafasi Sengerema, naye akachapa kazi kwelikweli, akiamini kwamba kazi ni kazi popote.

"Ningemwambia nani, dada? Wangenicheka."

"Na sasa si afadhali ungechekwa?"

Siku zile tatu alikuwa haishi dirishani kwangu. Mara ameuliza kama kamati imeahirishwa, mara kama kuna aliyewahi kusamehewa. Nilimfokea aende akapumzike, lakini hofu yake ilikuwa imeniingia na mimi. Orodha ya vituo niliipanga mimi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza mwanafunzi hata mmoja kama ana wakwe huko anakokwenda.

Ijumaa niliingia kuandika kumbukumbu za kikao. Mwenyekiti alikuwa mwalimu Chenge, mkuu wa taaluma, naye ni Msukuma wa Kwimba. Hapo nikapata matumaini kidogo. Revocatus alieleza yote akiwa amesimama, mikono nyuma, bila kulitaja jina la mama yule.

"Nakuelewa kuliko wote humu ndani," mwalimu Chenge alisema. "Mimi mwenyewe sijawahi kukaa meza moja na mama mkwe wangu. Sasa nijibu. Uko zamu peke yako. Wanamleta yeye, anatokwa damu. Utakimbilia Sengerema?"

Kalamu yangu ilisimama.

"Sijui, mwalimu," Revocatus akajibu.

Wakamtoa nje. Walibishana nusu saa, na nilipompelekea barua kwenye korido aliipokea kwa mikono miwili. Haondolewi. Anarudia mafunzo ya vitendo, wiki sita, na akipata chini ya nusu ndiyo basi. Kituo ni kilekile cha Magu, na msimamizi ni yuleyule muuguzi kiongozi. Aliisoma mara mbili.

"Bora wangenifukuza," akasema.

"Usilirudie neno hilo mbele yangu," nilimwambia. "Una mtoto."

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu yangu ikaita. Nilikuwa hata mlango wa ofisi sijafungua.

"Dada, niko getini Magu. Miguu imekataa."

"Ingia, Revocatus. Ukichelewa siku ya kwanza wataandika."

"Ametoka nje. Anakuja huku. Dada, ananiita kwa jina!"

Nilimsikia na mimi, sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, ya mtu aliyezoea kuita wagonjwa. "Revocatus Machibya! Zamu imeanza. Inua uso ninapozungumza na wewe."

"Itika," nilimwambia.

Nikasikia changarawe zikisagika chini ya viatu vyake, nikadhani ameshageuza tena. Kisha nikamsikia.

"Naam, sista."