Fundi Aloys na Picha za Wezi wa Mpango

Aloys Musau alikuwa fundi wa nguo hapa Matuu, na sare za shule alizoshona zilidumu kuliko hamu ya wenye kuzivaa ya kusoma. Lakini jina lake halikutokana na cherehani. Lilitokana na dharau. Alidharau mahubiri marefu, alidharau chai nyepesi, alidharau mafundi wote wa Thika bila kuona kazi zao, na kuliko vyote alidharau picha za sinema za magari yanayokimbizana.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kalekye, mjane ambaye wote tulimwita Mama Mbinya kwa jina la bintiye, alikuwa na chumba cha video nyuma ya kinu cha kusagia mahindi. Kilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni nzito yenye mgongo mrefu, na deki ya kanda iliyoshughulikiwa kwa heshima kama mgonjwa wa presha. Kabla ya hapo Mama Mbinya alikuwa akiuza maembe kando ya barabara ya Garissa. Alinunua vyombo vile akiamini kwamba watu wa video hawabonyezibonyezi bidhaa kisha wakaenda zao. Hakujua kwamba wangekuja na maneno.

Aliyembishia Aloys kila mara ni Bile, mfanyabiashara wa mbuzi. Familia ya Bile ilifika Matuu kabla yeye hajazaliwa, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wa Aloys. Alikuwa na pikapu kuukuu iliyonuka mbuzi hata siku isiyokuwa na mbuzi, na alipenda picha za magari kwa moyo wote.

"Fundi," Bile alikuwa akisema, "picha ya gari haitaki mtu akuelezee. Naona gari, naona polisi, naona kona. Nimeelewa. Hiyo yako watu wamezunguka meza na ramani wanaongea Kizungu mpaka nasinzia. Hiyo si picha. Hiyo ni mkutano wa harambee."

"Wewe umezoea kufuata mbuzi," Aloys alimjibu, "ndiyo maana ukiona kitu kinafuata kingine unafurahi. Gari inakimbia, gari ingine inafuata. Hapo hadithi iko wapi? Hata ng'ombe inaweza kukaa hapa itazame. Na hao madereva wako hawajawahi kutia mafuta. Risasi inapiga vioo, inapiga milango, lakini tairi haijui."

Kwa Aloys, picha ya maana ilikuwa ya wizi wa mpango. Huyu anafungua kufuli, yule anajifanya mlinzi, wa tatu anakata umeme, na kila mmoja ana kazi yake kama vipande vya suti vilivyotandazwa mezani. Huku kola, huku mfuko, huku mkono. Ukitazama hujui vitaungana vipi, kisha vinaungana. Alipofika hapo alikuwa akishusha sauti, na ungedhani ni yeye aliyeiba.

"Na wakishaungana wanageukana wanapigana risasi," Bile alisema. "Hiyo suti inapasuka siku ya harusi. Utaivaa wapi?"

Mama Mbinya, akikusanya viingilio mlangoni, aliwadharau wote wawili.

"Mimi nimeuza matunda," alisema siku moja. "Kila mara hayo magari yako yakifukuzana, Bile, lazima yapite katikati ya kibanda cha matunda. Mama anaruka kando, matunda yanasagwa, na picha inaendelea kama yeye si mtu. Sijaona hata moja inarudi kumwangalia. Na hao wezi wako, Aloys, wamevaa suti nzuri namna hiyo. Mtu akiwa na suti kama hiyo, anaiba ya nini?"

Wanaume wa chumba kile hawakuwa na desturi ya kujibu hoja nzuri. Waliikoholea, wakaendelea.

Sasa, deki ile ikaanza kula kanda. Picha ingefika mahali pazuri, sauti ingelegea kama ya mlevi, kisha Mama Mbinya angelazimika kuchomoa utepe kwa kidole huku watu wakinung'unika. Malalamiko yalienea sokoni kote. Kila mtu alijua deki ya Mama Mbinya ni mgonjwa, na wasiopenda video walijua pia.

Siku moja ya soko, mchana, Mama Mbinya alivuka barabara kununua makaa. Chumba kilikuwa kimejaa, mabishano yamepamba moto, na Aloys alikuwa amesimama mbele akieleza jinsi wezi wa akili wanavyoingia benki bila kushukiwa. Siri, alisema, ni mavazi. Ukivaa kama mtu wa kazi hakuna atakayekuuliza.

Hapo ndipo akaingia kijana aliyevaa ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni.

"Samahani wazee. Mama amenituma nichukue deki. Amesema inakula kanda."

"Hiyo imekula za kutosha," Aloys alisema, akiudhika kukatizwa. "Chukua haraka."

Kijana akachomoa nyaya taratibu, akaibeba deki nje, akarudi na kusimama akiitazama televisheni huku akijikuna shingo.

"Bila televisheni siwezi kujua kama imepona," alisema.

Watu wakatazamana. Ni Aloys aliyewatatulia. Aliwaeleza kwa subira, kama mtu anayefundisha, kwamba deki ni mdomo na televisheni ni uso, na huwezi kutibu mdomo bila kuuona uso. Kisha akamgeukia mpinzani wake.

"Bile, wewe uko na nguvu. Msaidie kijana hiyo kitu, ni nzito."

Bile akashika upande mmoja, kijana upande mwingine. Aloys mwenyewe aliwashikia mlango na kuwaonya wasiukanyage waya. Waliiweka juu ya mkokoteni uliokuwa nje, kijana akaifunika gunia kwa sababu ya vumbi, akawashukuru, akaondoka. Aloys alirudi mbele akaendelea pale pale alipoachia, kwenye habari ya mavazi.

Mama Mbinya aliporudi na makaa alisimama mlangoni.

"Televisheni iko wapi?"

"Fundi amechukua," mtu mmoja akasema.

"Fundi gani?"

Nasikia kimya cha chumba kile kilikuwa cha aina ambayo kanisa lilikuwa likiitafuta miaka yote bila kuipata. Mama Mbinya aliuweka mfuko wa makaa chini. Hakupiga kelele. Aliuliza nani aliibeba, na macho yote yakamwendea Bile. Akauliza nani aliruhusu, na macho yakahamia kwa Aloys, ambaye alikuwa ameanza kuchunguza mshono wa shati lake.

Muuza sukumawiki alikuwa ameuona mkokoteni ukielekea upande wa Kithimani. Bile, ambaye maisha yake yote alikuwa akiisubiri siku hii, alikimbilia pikapu. Mama Mbinya aliketi mbele. Aloys alipoufungua mlango apande, Mama Mbinya alimtazama tu, naye akauelewa ule mtazamo. Akazunguka akapanda nyuma, pamoja na mbuzi ambao hawakuuzika siku hiyo.

Bile alitoka sokoni kwa kasi iliyowafanya kuku watawanyike, na kwa muda mfupi ilifanana na picha. Kisha wakafika kwenye matuta ya barabarani. Bile hakupunguza mwendo, maana katika picha zake hakuna matuta. Pikapu iliruka, Aloys akaruka, mbuzi wakaruka, na mbuzi mmoja hakurudi ndani.

Bile akasimama.

"Unasimama?" Mama Mbinya akamuuliza.

"Mama Mbinya, huyo mbuzi si wangu. Ni wa shemeji."

Mbuzi alikuwa ameshaingia kwenye shamba la mahindi. Bile akamfuata, na Aloys, akiona afadhali mbuzi kuliko kubaki karibu na yule mama, naye akamfuata. Mama Mbinya alishuka, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akaanza kutembea.

Hakwenda mbali. Televisheni ile ilikuwa nzito, jua lilikuwa kali, na yule kijana hakuwa na mpango wowote baada ya kutoka mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara, mkokoteni mbele yake, deki kwapani, akipuliza kikombe. Mama Mbinya akasimama kando yake.

"Umechoka?" akamuuliza.

"Jua ni kali, mama."

"Hiyo televisheni chini ya gunia ni yangu."

Kijana aliweka kikombe chini. Pengine angesema kitu, pengine angebisha. Lakini wakati ule ule kutoka shambani zikaja sauti za wanaume wawili wakipiga mbio: "Shika huyo. Mzungukie, usimwache. Shika." Mahindi yalikuwa yakitikisika na sauti zikikaribia. Kila mtu alijua mwizi akishikwa na umati hapa kwetu anaishia vipi. Kijana hakungoja kuona kwamba umati wenyewe ni fundi cherehani na mwenye mbuzi, na kwamba anayefukuzwa ana pembe. Aliruka mtaro akapotea upande wa pili, deki bado ikiwa kwapani.

Kwa hiyo televisheni ilirudi Matuu na deki haikurudi. Mama Mbinya alikunywa ile chai iliyoachwa kabla hajaondoka, akisema imeshapoa na hakuna haja ya kuitupa.

Aloys alijifungia kibandani kwake. Watoto wa shule walikuwa wakipita wakiuliza kama ana mdomo wa kutibiwa, na yeye, ambaye zamani angewajibu wakatafuta pa kujificha, aliinamia cherehani. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma si wizi. Kilichomuuma ni kwamba kijana alikuwa akiyatenda maneno yale yale yaliyokuwa yakitoka kinywani mwake, na yeye, mwenye kuyasema, akamwona kama kikwazo.

Mama Mbinya ndiye aliyemwendea. Alileta kitambaa cheusi kwa ajili ya dirisha la chumba cha video.

"Mbona hauji?" akamuuliza.

"Nije kutazama nini? Deki hakuna."

"Kuna taarifa ya habari. Kuna mpira. Mchana kuna ile michezo ya kuigiza ya mapenzi, wamama wanajaa." Alimtazama akipima kitambaa. "Aloys, ni wewe mtaalamu wa wezi hapa Matuu. Ulikosaje kumjua?"

Aloys alifikiri, sindano ikiwa mdomoni.

"Wezi wa kweli hawana akili, Mama Mbinya," akasema. "Ndiyo maana sikumjua. Mimi nilikuwa naangalia wenye akili."

Mama Mbinya alicheka mpaka akashika meza. Akamwambia kwamba tangu amjue, hilo ndilo neno la kwanza la maana kutoka kwake, na kwamba ashone mapindo mapana, maana jua linapenya.

Aloys akarudi. Alikaa benchi la nyuma akaitazama michezo ya mapenzi pamoja na akina mama, akaidharau pia, mpaka wakamtishia kumtoa nje. Baadaye deki mpya ilipatikana, na picha zikarudi, lakini Bile hakuwepo tena. Biashara ya mbuzi ilikuwa imempeleka mji wa Mlolongo, kwenye malori na nyumba za kupanga, ambako watu wengi hula nyama na hawana pa kufugia.

Vijana wapya walijaa chumbani, na wote walikubaliana na Aloys. Picha za wizi ndizo picha, walisema. Gari ni utoto. Ungedhani angefurahi. Badala yake alianza kuondoka kabla picha haijaisha, akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana vichwa, wanaitikia tu kama kwaya.

Ilikuwa karibu mwaka wa elfu mbili na tano alipokwenda Mlolongo kununua vitambaa, kama alivyodai, ingawa vitambaa viko tele Thika na Thika ni karibu. Alimkuta Bile katika ukumbi mdogo wenye mashine ya sidii na ubao wa kutangaza picha za siku nje. Bile alikuwa amenenepa na ndevu zimeingia mvi. Aliketi mbele kabisa. Kwenye skrini, watu waliovaa suti walikuwa wamezunguka meza yenye ramani.

Aloys aliketi kando yake bila salamu.

"Unatazama hii?"

"Fundi," Bile akasema, bila kushtuka, kana kwamba waliachana jana. "Hapa Mlolongo naona magari mchana na usiku, nimechoka nayo. Nikatazama hizi zako. Ulisema kweli. Hizi ziko na akili. Huyu wa kofia ndiye atafungua kasha, na huyu mrefu atawasaliti, ngoja utaona."

Aloys aliitazama skrini kwa dharau yake yote ya zamani. Ushindi alioutafuta miaka yote ulikuwa umekaa kando yake ukitafuna njugu, na hakuupenda hata kidogo.

"Hawa watu wanaongea sana," akasema mwishowe. "Gari iko wapi?"

"Gari ya nini?"

"Bile, mtu akishaiba si lazima akimbie? Hapo ndipo unamjua mtu, kwa usukani. Kukaa mezani hata mimi naweza. Hii ni mkutano wa harambee."

Bile aligeuka akamtazama. Kisha akausukuma mfuko wa njugu katikati yao, akajiweka sawa kwenye benchi, akaanza kumweleza Aloys, kwa sauti iliyowafanya watu wa nyuma wanung'unike, ni kwa nini hajui chochote kuhusu picha.