Kompyuta Isiyo na Jina

Hoteli nilikokuwa nikifua mashuka ilipobadilisha mashine za ofisini, zile kuukuu zilipigiwa kura kati yetu wafanyakazi, na mimi ambaye sijawahi kushinda hata soda nikashinda kompyuta mbili. Nilizileta nyumbani Mwabungo kwa mkokoteni, nimezifunika leso za shangazi, na kila niliyempita aliniuliza hao bibi harusi wawili nimewaoa wapi.

Tulikuwa watatu, nami ndiye mkubwa. Wazee wetu walipofariki niliacha shule nikashika sabuni, nikaapa kwamba wadogo zangu hawataishika. Mdogo wetu wa mwisho bado alikuwa akisoma. Dada yake alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hoteli moja ya Galu ilikuwa inatafuta karani. Mwezi uliofuata wangewapa waombaji jaribio la kuchapa kwa kompyuta, kitu ambacho hakuwahi kukigusa. Basi tulihitaji moja tu kati ya zile mbili iishi mpaka siku hiyo.

Mtaa mzima ukaingia kwenye ubishi wa ipi itadumu. Moja ilikuwa na jina la kampuni kubwa, limeandikwa mbele kwa rangi ya fedha. Ya pili haikuwa na jina popote. Iliunganishwa Mombasa kwa vipande vya huku na kule. Mdogo wetu aliizunguka, akaikagua mgongo, kisha akaipa jina Yatima.

"Huyu mwenzetu," alisema. "Naye hajulikani wazee wake wako wapi."

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Jirani yetu, mtu wa bara aliyekuwa askari wa lango kule hotelini, hakuwa na shaka. "Braza, hiyo ya jina ni original, itakuzika. Hiyo ingine ikimaliza mwezi, niite mbwa."

"Tutakuita," shangazi alimjibu kutoka jikoni. "Utabweka kabla ya zamu ama baada?"

Shangazi alikuwa akiishi nasi, na alikuwa na dini ya pili, nayo ni mafuta. Huku kwetu upepo wa chumvi hula kila chuma, bawaba, baiskeli, hata vijiko. Cherehani ya marehemu mama ilikuwa bado inaimba kwa sababu kila Ijumaa shangazi aliitia mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Ijumaa ya kwanza ya kompyuta sisi tukiwa hatupo, alichukua kikopo chake chenye mdomo mrefu akazihudumia. Alianza na yenye jina, kwa heshima. Aliinywesha kupitia matundu ya mgongoni mpaka ikashiba. Yatima alipata yaliyobaki, matone mawili juu ya vibonye, na kupanguswa kwa kitambaa.

Jioni tulipoiwasha yenye jina, ilitoa harufu ya mahamri. Kisha ikatoa moshi mwembamba, ikakohoa, ikazima moja kwa moja.

"Imekufa imeshiba," alisema mdogo wetu.

"Ilikuwa dhaifu tangu ilipotoka kwao," alisema shangazi, bila kutikisika.

Asubuhi sisimizi walikuwa wamehamia. Walipanga msafara kutoka dirishani, wakaingia ndani ya marehemu, na wengine wakaanza kumpigia hodi Yatima. Nilifanya kama tunavyofanya kwa kabati la chakula: kila mguu wa meza niliusimamisha ndani ya kopo la maji. Askari alipokuja kuona, alishika kiuno. "Kompyuta imeoga miguu," alisema, na siku hiyo yeye ndiye aliyecheka hadi akachelewa zamu.

Yatima aliendelea. Ila yale mafuta na kile kitambaa cha kila siku vilikuwa vikifuta herufi za vibonye, kwanza A, kisha E, mpaka meno yote yakawa meupe. Dada alichapa kwa kukumbuka tu. Akikosea, mdogo wetu alimzomea. Akipatia, shangazi alipiga kigelegele kana kwamba ni harusi. Wiki ya mwisho kioo nacho kikaanza kusinyaa, maneno yakajibana kwenye mstari mmoja katikati. Nilikuwa nikifua mashuka huku nikiiombea dua mashine.

Asubuhi ya jaribio dada alichapa jina lake mara moja. Kioo kikaonyesha nukta, nukta ikazimika. Yatima alikufa akiwa ameifikia siku yenyewe. Tukamtuma dada kwenda Galu tukiwa hatujui tulie au tupige makofi.

Alirudi alasiri, akaamkia "shikamoo shangazi," akakaa.

"Sema basi," nilimwambia.

"Mashine yao ina herufi zote, kaka. Nilipoziona nikababaika, vidole vikagoma. Nikafumba macho nikachapa ukurasa mzima. Yule mama msimamizi akaniuliza kama nilikuwa nasali."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo. Naanza Jumatatu."

Kigelegele cha siku hiyo kilimtoa askari kitandani. Alisimama mlangoni na shuka kiunoni, akatutazama, akatazama makopo manne chini ya meza, kisha akabweka mara moja, kwa adabu.

Shangazi alingoja kicheko kipungue. "Na hiyo mashine yao," alimuuliza dada, "wanaitia mafuta gani?"

Jumatatu nilimsindikiza dada kazini mimi mwenyewe, baada ya kukificha kile kikopo.