Mama Bambo na Kiwavi cha Mshononi

Saa moja asubuhi, kwenye ghala la ukaguzi mpakani, mwanamke mwenye koti la kijani anachoma gunia la ngano kwa bambo, chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli, anamimina punje kiganjani na kuzinusa. Kisha anafumua mshono wa gunia na kuuchungulia.

"Punje zinaweza kukudanganya," anasema. "Mshono hauna siri."

Wapagazi wanamwita Mama Bambo. Kwa miaka kumi na mmoja alishona magunia katika ghala hilihili, sindano yake ikisomesha watoto watatu, kabla ya masomo ya jioni kumfikisha kwenye ukaguzi akiwa na miaka arobaini na mitatu. Waliomcheka hawakuwa haba.

Mwaka jana yaliingia magunia 640 ya mchele, mali ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Mshono wa tatu ukatoa kiwavi chenye manyoya, kidogo kuliko punje. Alikijua kwa picha tu: mtoto wa mdudu ambaye hakuwahi kuonekana nchini, anayeweza kukaa miaka bila kula.

Sheria ya taifa ya kudhibiti visumbufu vya mimea inampa mkaguzi uwezo wa kuzuia mzigo papo hapo. Akauzuia.

Shemeji alikuja juu. Alimkumbusha nani alisimamia mazishi ya mumewe.

"Ndiyo maana nakuzuia mimi, shemeji, si mtu baki," alimjibu. "Huyu akizagaa maghalani, hata wewe hutakuwa na cha kuuza."

Kwa siku nne ukoo ulimnunia. Mama mkwe hakupokea simu zake. Mkuu wake alipomwuliza kama ana hakika, alimweleza kwamba ili kuzuia mzigo sheria inamtaka awe na shaka tu. Hakika ni kazi ya maabara.

Siku ya tano maabara ikathibitisha: ndiye. Mchele ukafunikwa turubai, ukafukizwa dawa, ukakaguliwa upya na kuruhusiwa. Maghala yote ya mpakani yakapekuliwa. Hakuonekana mwingine hata mmoja.

Mama mkwe alipiga simu mwenyewe, akauliza kama kiwavi hicho kinakula hata wakwe. Walicheka mpaka salio likaisha.

Siku hizi shemeji hapakui mzigo kabla Mama Bambo hajafika. "Uliopita mikononi mwake naulalia usingizi," anasema.

Mama Bambo sasa anawafundisha washona magunia tisa kuwatambua wadudu, kila Jumamosi, kwa idhini ya idara.

"Nastaafu baada ya miaka mitatu," anasema. "Nataka watano kati yao wawe wamevaa koti hili. Wakinishinda kazi, nitafurahi zaidi."