Maji ya Njano Bandani

Siku yangu ya kwanza kazini kama afisa mifugo, pale Fukayosi, Daktari wa Mifugo wa Wilaya aliniingiza kwenye banda la kuku wa mayai, akaniambia nivute pumzi. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Hiyo amonia, binti. Maranda haya ya mbao ya sakafuni yakilowa mavi, kuku huugua. Waambie wabadilishe maranda, wasikimbilie dawa."

Walikimbilia dawa. Masika yakianza tu, wafugaji walikoroga unga wa antibayotiki kwenye maji ya kuku mpaka yakawa ya njano, eti kinga, hali kuku wenyewe hawaumwi. Vijidudu vinavyoonjeshwa dawa kidogo kidogo huizoea, na huo ndio usugu. Mimi uliniogopesha tangu ujana.

Nilipohamishiwa Mlingotini vikaja vizimba vya waya. Mavi yanadondoka chini, yai linabingirika mbele likiwa safi. Nilishangilia. Bi Mwanahawa, mfugaji niliyempenda kama dada, akavijenga, akawajaza kuku mpaka wakakosa pa kugeukia. Maji yakabaki ya njano.

"Shoga, kizimba safi hiki, dawa ya nini tena?" nikamuuliza.

"Ya roho yangu, mwenzangu. Nikiyaona meupe sipati usingizi."

Ikafika Maulidi. Mjukuu wake, Shaabani, alikuwa msoma kaswida, na watoto wa kaswida hupewa yai bichi na asali ili sauti ilainike. Bibi akamchagulia yai safi kuliko yote. Baadaye mtoto akaanza kuharisha damu, homa ikapanda. Hospitali wakamchoma sindano, homa haikushuka. Wakabadilisha, wapi. Nilikaa kwenye benchi na bibi yake.

"Dawa hazimshiki," daktari alisema. "Mlikuwa mnampa dawa ovyo nyumbani?"

"Wallahi, daktari, mtoto huyu hajawahi kumeza hata kidonge," bibi yake akaapa.

Kisha Bi Mwanahawa akanigeukia, akaniangalia. Dawa ya tatu ndiyo iliyomshika, alhamdulillahi. Siwezi kuapa kwamba lilikuwa yai lile. Lakini tangu hapo yai safi hunitia hofu.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza lipi bora, sakafu au kizimba. Nawaambia kizimba huliepusha yai na mavi, lakini hakimtoi kuku mdudu sugu aliye tumboni mwake, naye huweza kuingia ndani ya yai. Wapeni kuku nafasi, pakavu na chanjo. Wananiitikia kwa adabu.

Juzi nilikwenda kumtazama binti yangu Zuhura, naye kaanza kufuga. Vizimba vipya, vinang'aa. Mjukuu wangu akanikimbilia, "Shikamoo bibi," yai mkononi. Nikaitikia marahaba huku nikiinama kwenye chombo cha maji.

Yalikuwa ya njano.