Bamama Babili, Fishe Moja

Kwetu Butembo baba hachagui jina la mutoto. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vilevile. Ukisimama sokoni ukaita jina la binti wa pili, bamama nusu ya soko watageuka. Mimi mwenyewe niko wa tatu, na darasani tulikuwa sita wenye jina langu.

Sasa niambieni, mutu aliyekulia katika mambo hayo anawezaje kuandika programu ya kompyuta inayosema bamama wawili wa jina moja ni mama mumoja? Mimi niliiandika. Kichwa kigumu!

Ilikuwa ya nyumba moja ya kuzalishia huko Beni. Wauguzi walikuwa wanamufungulia mama mumoja fishe za matibabu tatu, nne, kila akija mpya. Kila juma simu: "Papa, masini yako imevurugika tena." Nilichoka. Nilichoka na ile barabara, na vumbi lake, na kuambiwa kosa ni langu. Kwanza nikaweka swali: je, huyu ni yule yule? Wakabonyeza "Oui", ndiyo, bila kusoma. Basi nikaondoa swali. Jina moja, jina la ubatizo moja, mwaka wa kuzaliwa mumoja: programu iunganishe fishe yenyewe, ibakize ile mpya. Simu zikakoma. Nikajiona fundi kweli.

Lakini kulikuwa na bamama wawili. Mumoja alikimbia vita Eringeti. Mwingine alitoka Masereka kufuata biashara. Majina sawa, na mwaka waliukisia tu, wakaangukia mumoja. Yule wa Eringeti alikuwa amepasuliwa kwa mutoto wake wa kwanza, na daktari alikataza asiachwe asukume. Hayo yaliandikwa kwenye fishe yake. Programu yangu iliyafuta, ikabakiza fishe ya yule wa Masereka.

Uchungu ulipomushika, akamwambia muuguzi: "Miye balinipasulaka."

Muuguzi akaangalia masini. "Hapana, mama. Hapa iko inaonyesha ulizalaka muzuri, mara mbili."

"Mara moja tu. Na balinipasula."

"Mama, masini haisemake bongo, haidanganye."

Akajilaza. Walimuacha kitandani asubuhi nzima, mupaka muzalishaji mumoja mzee alipokuja kumupima tumbo, akainua kitenge, akaona kovu. Alipiga kelele, wakamukimbiza kwa daktari. Mutoto alipona. Kizazi kilikuwa kimepasuka, wakakitoa. Mama huyo hatazaa tena.

Kesho yake nikafika Beni. Nikakaa kwenye benchi ya koridori, nikarekebisha ile programu. Haikuchukua hata nusu saa, na hiyo ndiyo inaniuma mupaka leo. Kisha nikaomba muuguzi anipeleke kwa yule mama. Njia yote nilikuwa nimepanga maneno ya kumuomba musamaha.

Alikuwa amelala ubavu, mutoto kifuani. Muuguzi akamwambia: "Huyu papa ndiye mwenye masini."

Mama akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Papa, unisamehe," akasema. "Balisema nilichanganya masini yako. Nilipaswa kusema kwa nguvu."

Muuguzi alikuwa amesimama pale, ananiangalia. Nikaona haya mbele yake. Yale maneno yote niliyopanga, sikutoa hata moja.

"Haina neno, mama," nikamujibu.