Kaseti Ambayo Haikukatwa

Wakati wa vita niliongoza vipindi vya televisheni ndogo ya Uvira, chumba kimoja pale Kimanga, na sikumwamini mtu. Kila aliyebisha hodi nilimtazama viatu kwanza, maana wanajeshi wakivaa kiraia, viatu viliwaumbua.

Kazi nilifundishwa hivi: kwenye mkutano, anza kuwapiga picha wasikilizaji kabla hawajachoka. Ukija kukata hotuba, nyuso zao ndizo zinazoziba pengo. Basi komanda aliyeushika mji alipohutubia uwanjani, nilianza na watu. Nilipokuwa naunganisha picha ndipo nikamwona dada yangu mkubwa, aliyekimbia Makobola akaja kukaa kwangu. Wote wanapiga makofi, yeye kafumbata mikono na kukunja uso.

"Yaya, juu ya nini haukupiga makofi?" nilimuuliza dada yangu nyumbani.

"Mikono ni yangu," akajibu, akaendelea kuchambua ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Kipindi nilikirusha bila picha yake. Wiki chache baadaye komanda akaja mwenyewe, mchana, bila walinzi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Direkta, kipindi ilikuwa muzuri," akasema. "Lakini minye nataka kaseti yote, ile haikukatwa. Picha za bantu."

Picha za watu, za nini? Nilijua, au nilijiona najua: wangewatafuta wasiopiga makofi, mmoja mmoja. Nikamwambia mashine imepata joto, arudi kesho. Alipotoka tu, nikairudisha kaseti kwenye kamera, nikaelekeza kamera ukutani, nikarekodi ukuta juu ya nyuso zote.

Aliporudi nikasema kaseti imeharibika. Akakaa. Nilingoja kupigwa.

"Mama yangu alikuwaka mule," akasema. "Alitokaka Katogota kuniangalia. Juma iliyopita tulimuzika. Sina foto yake hata moja."

Akaondoka bila kuaga. Uongo mtupu, nikajiambia, ananipima aone kama nimeficha nakala. Nilifika nyumbani nimejaa hasira, nikamsimulia dada yangu. Akaacha alichokuwa akifanya.

"Ile mama nilikaa naye pembeni," akasema. "Alikuwa anapiga makofi na anatoka machozi. Alinambia, 'Ule ni mutoto yangu.'"

Nilimwonea huruma yule mtu, nami sikupenda kumwonea huruma. Lakini hata angenieleza siku ya kwanza nisingemwamini, na kaseti ningeifuta vilevile.