Nyuki Waliotua Kwenye Kiti cha Askofu

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani na kurudi mbio, nililala chumba kimoja na Susu, mama mzazi wa baba yangu. Susu ndivyo Wakamba tunavyomwita bibi. Tuliishi Jericho, kwenye nyumba za kaunsili ya jiji, na mtaa mzima ulimjua kwa ulimi wake. Hata wanawake waliookoka, wale waliokemea mambo ya kimila kila Jumapili, walimjia kwa mlango wa nyuma siku ya Jumatatu wamuulize maana ya ndoto zao.

Alikuwa mtu wa Kitui, binti wa mfuga nyuki. Bundi hakumtisha, paka mweusi alimwita paka tu. Kilichomtisha ni nyuki waliohama mzinga.

"Nyuki hawapotei njia," alizoea kuniambia. "Wakitua mtini wanatafuta nyumba. Wakitua kwenye kiti cha mtu wanamtafuta mtu."

Nilimwamini, ila sikujali sana. Jericho tungeona nyuki wapi? Tulikuwa na nzi, kunguni, na vumbi la barabara ya Jogoo.

Siwezi kueleza yaliyotokea bila kwanza kumweleza Askofu Yosia. Kabla hajawa askofu alikuwa kasisi wetu, Mtaita mrefu, mwembamba, asiye na haraka, aliyezunguka mitaani kwa baiskeli na suruali yake ameibana kwa vibanio vya nguo ili isishikwe na mnyororo. Alinibatiza mimi na ndugu zangu wote. Alipofika mtaani alikuwa kijana asiye na mke, na Susu, aliyeamini kwamba mwanamume asiyepikiwa huharibika, alimwekea sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila alipopita. Alikula akiwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wetu, kofia gotini, akizungumza na walevi na wachuuzi waliopita kana kwamba ile ngazi ndiyo mimbari yake. Alipopata uaskofu alihama kutoka Eastlands, upande wetu wa jiji, lakini hakuacha kumwita Susu "Mama", wala Susu hakuacha kumwita "mwanangu", joho au si joho.

Kisha likaja jambo la watu wa mtoni. Chini ya mtaa wetu, ukingoni mwa mto, kulikuwa na vibanda vya mabati na maboksi. Alfajiri moja matingatinga yalikuja yakavisaga huku baadhi ya vitu bado vimo ndani. Askofu alipopata habari alikuja mwenyewe, akafungua ukumbi wa kanisa na kuwaingiza wale watu na magodoro yao. Siku chache baadaye matingatinga yaliporudi kumalizia, yalimkuta amesimama katikati ya njia na fimbo yake ya kiaskofu. Dereva wa kwanza alizima mashine akashuka. Jumapili iliyofuata Askofu alihubiri katikati ya jiji mbele ya wakubwa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni nani aliyetoa amri? Nataka jina lake, nimwombee."

Tangu siku hiyo wazazi wetu walianza kumzungumzia kwa kunong'ona. Nilikuwa mdogo, lakini mtoto hujua sauti ya hofu hata asipojua maneno yake.

Katika msimu huo huo Askofu alipangiwa kuja kanisani kwetu kutoa kipaimara, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliojiandaa. Jumamosi, Susu na akina mama wenzake walikwenda kusafisha kanisa, nami nikabebeshwa ndoo. Ndani mlikuwa na giza la mawe na baridi. Mbele, kando ya madhabahu, kiti cha askofu kilikuwa mahali pake, kile kirefu cha mvule ambacho hakikaliwi na mwingine yeyote. Nilidhani mtu ametundika koti zito kwenye egemeo lake. Halafu lile koti likapumua.

Walikuwa nyuki. Walining'inia kwa rundo moja la rangi ya kahawia, wakitambaliana, na mvumo wao ulikuwa kama ule wa nyaya za umeme siku ya mvua. Mama mmoja alipiga yowe. Susu hakupiga yowe. Aliweka ufagio chini taratibu, akavua viatu vyake.

Mzee Onyango, mzee wa kanisa letu, alikuja mbio na magunia, akayawasha na kuyazima ili yatoe moshi.

"Usiwafukuze kwa moto, Onyango," Susu alisema. "Waache wamalize lililowaleta."

"Mama, kesho Askofu anakuja. Unataka aketi wapi, juu ya miiba?"

"Nataka asiketi kabisa. Mwenye kiti asikikalie tena. Akikikalia, mwaka hautaisha naye."

Mzee Onyango alijichekesha, macho yake yakiwa bado kwenye kiti. Aliendelea na moshi wake. Nyuki walinyanyuka kwa pamoja kama pazia linalovutwa, wakazunguka juu ya vichwa vyetu, kisha wakatoka kwa dirisha la upande wa mto. Kanisani ilibaki harufu ya gunia lililoungua, na chini ya kiti nyuki waliokufa. Susu aliwaokota mmoja mmoja kwa mkono, akawafunga kwenye ncha ya leso yake.

Jumapili alinishika mkono, mimi na gauni langu jeupe lililokuwa likinikwaruza shingo, tukamsubiri Askofu mlangoni mwa chumba cha kuvalia majoho. Alipomwona uso wake ulichangamka.

"Mama Mutua! Leo umeniletea muthokoi mpaka kanisani?"

"Mwanangu, leo usiketi kwenye kile kiti."

"Kimevunjika?"

"Heri kingevunjika."

Alimweleza yote. Nilimtazama Askofu nikitarajia acheke, au amkemee kwa upole kama makasisi walivyozoea. Hakufanya hivyo. Tabasamu lilimtoka polepole, akabaki ameshika joho lake ambalo hajamaliza kulifunga.

"Kwenu Taita wangesema nini?" Susu alimuuliza.

"Wangesema hivyo hivyo, Mama."

"Basi?"

Askofu alisogea dirishani akamwonyesha nje. Langoni wanaume wawili waliovaa miwani myeusi walikuwa wameegemea gari. Hawakuwa na kitabu cha nyimbo wala Biblia. Mmoja wao alikuwa akitafuna kijiti.

"Unawaona wale? Kila ninapohubiri siku hizi, wapo. Na pale ndani, kwenye mabenchi ya mbele, wameketi watu wa mtoni. Wote watanitazama nikiingia. Nikisimama ibada nzima, Mama, wale wa nje watasema nimeanza kuogopa, na hawa wa ndani watasema niko tayari kukimbia. Nitawaambiaje wasihame?"

Susu alimsogelea. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza, akamtemea mate kidogo viganjani. Ndiyo baraka yetu, mzee kwa mtoto wake. Askofu mzima aliinamisha kichwa kuipokea, na Mzee Onyango aliyekuwa akipita na chetezo cha moto akajifanya hajaona.

Tuliimba wimbo wa kuingia. Askofu alipanda hatua kwa hatua, akafika kwenye kile kiti, akageuka kutukabili. Nilihisi vidole vya Susu vikikaza mkononi mwangu. Aliketi. Hakuna kilichotokea. Wimbo uliendelea, watoto walikohoa, jua likapita kwenye kioo cha rangi. Ndipo nikamwona nyuki mmoja, aliyesalia pengine katika nakshi za mbao, akitoka begani kwake na kutembea kwenye mkono wa joho jeupe, polepole, mpaka kwenye kifundo. Askofu alimwona pia. Hakumpangusa. Alimwacha atembee juu ya ngozi yake hadi aliporuka mwenyewe.

Mahubiri yake ya siku ile nayakumbuka kidogo tu. Alisema kwamba mtu anayebomoa nyumba ya mjane hujenga yake juu ya mchanga. Watu wa mtoni waliitikia amina, sisi wa nyumba za kaunsili tulitazama viatu vyetu. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, akaniwekea mikono kichwani. Ilikuwa ya baridi, nayo ilitetemeka. Nilifikiri ni uzito wa Roho Mtakatifu.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Tulisikia ameitwa kuhojiwa, akarudi. Akaitwa tena, akarudi amekonda. Aliendelea kuhubiri. Susu aliacha kuimba akipika, na kila jirani alipobisha hodi kwa kishindo alishika kifua kabla hajaitikia.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipoisikia kengele ya kanisa ikilia siku ya kazi. Susu alikuwa akichagua maharagwe. Alisimama, ungo ukamponyoka, na kabla mtu yeyote hajatuambia lolote akasema, "Wamempata."

Kasisi alitangaza kwamba Askofu alikuwa amerudi ofisini kwake mchana baada ya kuhojiwa, akaomba maji ya kunywa, akaanguka. Hakufika hospitalini akiwa hai. Madaktari walisema ni moyo. Huenda ulikuwa moyo. Sikuwahi kumpata mtu anayejua zaidi ya hapo, na waliojua, kama walikuwapo, hawakusema.

Jioni hiyo baba alirudi kutoka karakana ya reli akiwa amelowa. Alifunga dirisha, akafungulia redio mpaka ikakwaruza, ndipo akaniita karibu.

"Mwende, kesho shuleni watu watazungumza. Ukiulizwa ni nini kilichomuua Askofu, sema ni nyuki. Sema bibi yako aliona ishara. Umenisikia?"

"Lakini nyuki hawakumuuma, Baba."

"Nimesema sema ni nyuki!"

Hajawahi kunipandishia sauti namna ile, kabla wala baada. Uso wake haukuwa wa hasira. Susu, aliyekuwa amejikunja pembeni mwa jiko, alimtazama kwa huzuni ambayo mzazi humtazama nayo mwanawe mtu mzima anapomwona anaogopa.

"Usiwasingizie nyuki, Mutua," alisema. "Nyuki walikuja kumwambia. Aliyemjia baadaye ni mwingine."

Baba akaongeza sauti ya redio.

Na kweli, mtaa mzima ulisema ni nyuki. Walisema dukani, kwenye foleni ya maji, kwenye vituo vya basi. Watu waliokuwa wakimcheka Susu walikuja kusimuliana habari zake mbele yake, wakiongeza kundi, wakiongeza giza, hadi nyuki wakawa wamemfuata Askofu mpaka ofisini. Nilijivunia. Bibi yangu alikuwa amekuwa mtu mkubwa. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwa nini hadithi ile iliwafaa sana: nyuki hawana askari. Unaweza kuwalaumu katikati ya soko, kwa sauti, na ulale nyumbani kwako.

Wakati wa mazishi watu wa mtoni walitembea nyuma ya jeneza, wamevaa nguo zilezile za kila siku kwa kuwa zingine zilizikwa na matingatinga. Wanaume wa miwani myeusi walikuwapo pia. Siku hiyo waliimba.

Vibanda havikubomolewa tena mwaka ule, wala uliofuata. Sijui kama aliyetoa amri aliona haya au alipata shughuli nyingine. Ukumbi ulikuja kuwa shule ya chekechea, na wavulana waliozaliwa mtoni wakaanza kuitwa Yosia. Mimi ni mwalimu sasa, na bado mara mojamoja napata Yosia darasani. Nikimuuliza jina amelitoa wapi, husema ni la mjomba.

Susu alifariki nikiwa sekondari. Mjane wa Askofu nilikutana naye baadaye sana, Eastleigh, tukichagua vitambaa katika duka moja. Nilimtambua, nikajieleza, nikamtajia Susu. Aliweka kitambaa chini.

"Yule mama wa nyuki," alisema. "Unajua usiku wa Jumapili ile mume wangu hakulala? Aliniamsha akaniambia yote. Alikuwa anatetemeka. Kwao babu yake alikufa baada ya ishara kama ile. Nilimwambia tuondoke, twende Taita, aseme anaumwa."

"Alisemaje?"

"Alisema watu wa mtoni hawana Taita ya kwenda. Asubuhi alivaa viatu vyake akaenda kazini."

Mwenye duka akatuuliza kama tunanunua.

Utotoni nilidhani siku ile kanisani palikuwa na mtu mmoja aliyeamini na mwingine asiyeamini, na kwamba asiyeamini alipata adhabu yake. Nilipokwenda chuo niligeuza hadithi: nikadhani Askofu alikuwa msomi aliyeupuuza ushirikina wa bibi kizee. Kote nilikosea. Waliamini sawasawa, yule bibi na yule askofu. Waliogopa sawasawa pia, na wote wawili walijua kilichokuwa kinakuja. Sasa, watu wanaponiuliza Askofu Yosia aliacha nini, siwatajii shule wala vibanda kwanza. Nawaambia aliacha habari kwamba mtu anaweza kuogopa mpaka mikono ikatetemeka, na bado akaiweka ile mikono juu ya kichwa cha mtoto, akambariki.